Motokari ya Vitabu Haili Watu

Jioni hiyo nilikuwa naegesha motokari ya vitabu Kasungami, kama kila Alhamisi. Akina mama walikuwa wanatoka shambani, moshi wa makala, makaa ya kupikia, unaanza kupanda. Nikafungua milango ya nyuma. Mke wangu Ngalula akapanda, akachagua kitabu cha kuwasomea watu, akakohoa kidogo kusafisha koo.

Hakuja mtu.

Wale waliokuwa wanagombania nafasi ya mbele walipita upande wa pili wa barabara, majembe begani, macho chini. Mtoto mmoja alitaka kukimbilia kwetu. Mama yake akamvuta mkono hadi akalia.

Nilijua kwa nini, na damu ilinichemka. Walikuwa wanasema kwamba mimi, Constantin, mtoto wa fundi wa reli, ni mutumbula. Kama hukukulia Katanga, mutumbula ni mtu anayevizia watu jioni na motokari iliyofungwa. Anakuchukua. Anakunyang'anya sauti kwanza, usije ukaita. Kisha anakulisha unenepe, na baada ya hapo... hayo mengine wanayajua wanaoyasimulia. Na motokari yangu ilikuwa imefungwa kila upande kama sanduku, inanuka gundi ya kubandikia vitabu na dawa ya mende. Basi. Hiyo tu ndiyo ilikuwa ushahidi wao.

Niliwatukana. Nilisimama juu ya bampa nikawatukana vijana kwa wazee, na hata leo sijutii tusi hata moja. Motokari ya vitabu haili watu! Ngalula alinivuta shati akaniambia niache, akakaa kwenye ngazi, akaisomea barabara tupu habari za mwanamke anayepanda mahindi. Alikuwa na sauti nzito kidogo, ya taratibu, ambayo hata mlevi akiisikia anakaa chini. Nilimwoa kwa ajili ya sauti hiyo, siwafichi.

Huo ulikuwa wakati wa Katanga kujitenga na Kongo, mji wetu wa Lubumbashi bado unaitwa Élisabethville. Bwana mkubwa wa maktaba alikuwa amerudi kwao Ulaya na kuniachia funguo. Nami niliendelea kuzungusha vitabu mitaa ya Katuba, Kenya yetu ya hapa mjini, na Kasungami, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache.

Kisha wakaanza kuwafukuza watu wa Kasai.

Ngalula alizaliwa hapa hapa. Kosa lake lilikuwa moja, wazazi wake walitoka Kasai. Jirani aliyekuwa anakuja kuomba chumvi kwake alianza kutuonyesha kwa kidole. Nyumba ya kaka yake iliteketezwa mchana kweupe, watu wanatazama kama wanatazama mpira. Halafu vijana wakaweka vizuizi barabarani, miti na mapipa, wanauliza kila anayepita anaitwa nani na baba yake alitoka wapi. Mwanamke mwenye jina kama Ngalula hangeweza kupita pale. Pa kumpeleka palibaki mahali pamoja tu, kambi ya wakimbizi inayolindwa na askari wa ONU, Umoja wa Mataifa, upande wa pili wa mji.

Nikakata shauri. Wanaiogopa motokari yangu? Basi na waiogope vizuri.

Nyuma ya rafu ya chini, upande wa kulia, kulikuwa na nafasi ya kuwekea vitabu vilivyochanika. Nilimlaza Ngalula humo, nikamfunika blanketi, nikapanga masanduku ya vitabu mbele yake na juu yake, mazito, asiweze kuonekana. Nilimwambia anyamaze mpaka mimi mwenyewe nimwambie aseme. Akanishika kidole, akakiachia.

Nilikuwa natia kufuli wakati Mwaba aliponifuata. Mwaba alikuwa mjane, muuza makala, na zamani ndiye aliyekuwa anakaa mbele kuliko wote Ngalula akisoma. Alikuwa ameniona nikimlaza Ngalula. Alisimama mbali na motokari, akanong'ona.

"Tata Constantin, usimufunge mule ndani. Ile motokari iko na muntu."

"Muntu gani?"

"Miye sijamuona. Namusikiaka tu. Mama Ngalula akisoma, anapumuaka nyuma ya bitabu. Polepole. Anasikilizaka."

Nilimwambia aende zake na uchawi wake. Nilimwambia kwamba midomo kama yake ndiyo iliyonifukuzia wasomaji. Alikuwa anaiangalia kufuli.

Nikaondoka jua likiwa linazama. Njia nzima nilisikia injini na masanduku yakisuguana, si kingine. Harufu ya gundi iliingia hadi mbele, ya moto, kama mtu ameiweka jikoni. Nikashusha kioo.

Kwenye kizuizi walikuwa vijana na mapanga, wamelewa, na mmoja wao ana kurunzi. Nilimfahamu. Alikuwa anaitwa Lucien, na nilishamwazima vitabu vya hesabu! Aliniuliza nimebeba nini, kana kwamba hanijui. Nikamjibu, vitabu. Akasema nifungue. Nikasema funguo ziko kwa mzungu. Akacheka, akazunguka upande wa kushoto, akapiga bati kwa ubapa wa panga.

Ngo.

Akainua panga apige tena.

Halafu kitu kikabisha kutoka ndani.

Ngo.

Lucien akarudi nyuma. Kurunzi ilianguka, ikabaki inamulika magurudumu. Mmoja akanong'ona, "Mutumbula..." na wote wakapotelea kwenye majani, panga moja likaachwa barabarani. Niliondoa pipa mwenyewe huku nacheka mpaka machozi. Nilidhani Ngalula ameamua kuwatisha. Nilimsifu kwa sauti kubwa njia yote, nikampigia mluzi.

Kumbe nilikuwa sijafikiri. Nilimlaza kulia. Kubisha kulitoka kushoto, tena juu, kwenye kimo cha mtu aliyesimama.

Tulifika kambini. Askari wa ONU alimulika taa, nikafungua kufuli. Vitabu vyote vya upande wa kushoto vilikuwa vimegeuzwa, migongo inatazama ukuta. Vyote. Masanduku niliyoyapanga juu ya mke wangu yalikuwa vile vile nilivyoyaacha, hakuna lililosogea hata kidogo. Niliyatupa chini moja baada ya lingine.

Ngalula alikuwa amelala pale pale, macho wazi. Mdomo nao wazi.

Nikamwambia, "Tumefika. Sema sasa."

Hakusema.

Mpaka leo hajasema. Daktari wa kambi alimwangalia koo, akasema ni woga, utapita. Haukupita. Nilimbembeleza, nilimgombeza, nilimwambia sema, sema, sema, mpaka mimi ndiye niliyekauka koo. Alikuwa anakula tu. Chakula cha kambi kilikuwa cha shida, wengine walikuwa wanabaki mifupa, lakini yeye alinenepa. Wanawake wa kambi wakaanza kuhamisha mikeka yao, walale mbali naye. Niliwatukana na hao.

Vita vilipoisha tulirudi Kasungami. Motokari niliiacha pale ilipokufa, karibu na uzio wa kambi, haina matairi, mlango nimeurudishia kufuli yake. Sikutaka kuiona tena. Nyumbani nilikuwa na kitabu kimoja tu, kile alichokisoma siku ya barabara tupu. Nilikiweka juu ya kabati. Ngalula hakuwahi kukigusa.

Miezi ikapita. Siku moja Mwaba alikuja mlangoni na gunia lake la makala. Alisubiri Ngalula aende kisimani. Kisha akaniambia kwamba njia yake ya kwenda kuuza inapita karibu na motokari ile, na jua likizama kuna mwanamke anasoma ndani. Watu wanasimama mbali, wanasikiliza, wanalia.

Safari hii sikumtukana. Nilichukua nondo nikaenda.

Nilisikia sauti kabla sijaiona motokari. Sauti nzito kidogo, ya taratibu. Ile ile. Ilikuwa inasoma zile habari za mwanamke anayepanda mahindi, na bati lilikuwa linatetemeka kidogo kwa kila neno. Hasira ilinibeba. Nilikuwa nimekuja kudai kitu changu! Nilipiga ubavu wa motokari kwa nondo, nikapiga tena, nikasema irudishe, mwizi wewe, irudishe sauti ya mke wangu.

Kusoma kukakoma.

Harufu ya gundi ikanijia, ya moto.

"Constantin..." Ilikuwa karibu kabisa na sikio langu, bati tu katikati yetu. "Constantin, ni weye? Fungula. Niko bado humu."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Uliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Ulifungula mulango, ukamubeba mwengine, ukanifungia." Bati likatetemeka. "Ulitokesha nani?"

Nilivunja kufuli. Sikumbuki nilivyoivunja, nakumbuka damu mikononi. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na rafu tupu, kwa maana vitabu vyote vilishakuwa kuni za watu wa kambi kabla sijaifunga, na blanketi lililokunjwa vizuri upande wa kulia. Nililigusa. Lilikuwa na joto la mtu aliyeamka sasa hivi. Milango niliiacha wazi nikakimbia, mimi ambaye sikuwahi kumkimbia mtu.

Nyumbani Ngalula alikuwa amepika bukari, ugali wetu, na mboga. Alinitazama mikono, akaleta maji, akaninawisha. Mikono yake ilikuwa ile ile ninayoijua, hata kovu la pasi kwenye kidole gumba. Nilitaka kucheka. Nikainua macho kwenye kabati.

Kitabu kilikuwa kimegeuzwa, mgongo unatazama ukuta.

Na mlango ukabishwa.

"Constantin. Nimetembea mupaka huku. Fungula."

Ngalula alisimama. Alienda mlangoni kabla yangu, akaegemeza mgongo wake pale, mnene, mzito, machozi yanamtiririka. Akanitazama akatikisa kichwa. Usifungue. Mdomo wake ulikuwa unajaribu kutamka kitu na hakitoki kitu.

Sikufungua, maana sikujua tena yupi ndiye niliyemwoa. Lakini inarudi. Kila jioni saa ya moshi wa makala, inarudi, haigombi, inaniita kwa jina, na wakati mwingine inakaa kizingitini na kusoma yale mahindi tangu mwanzo. Na kila jioni mwanamke ninayekula naye anaegemea mlango na kulia.

Majirani wananiuliza kwa nini nimekuwa mkali hivi. Waniache. Waliokuwa na mapanga leo wana maduka mjini, Lucien ananisalimia kwa kuvua kofia, na mimi nimeketi hapa na nondo magotini, mke wangu yuko mlangoni, na sauti yake iko nje.