Hongera kwa Siku ya Mkeo

"Hongera kwa siku ya mkeo, Reinder!"

"Asante, Bi Aafke."

Alijibu upesi, kama mtu anayepokea chenji dukani. Kisha rangi ikamtoka usoni.

Wietske aliyaona yote mawili, jibu na ile rangi. Alikuwa amesimama ubavuni kwake, katikati ya ukumbi wa pili wa makumbusho, amemshika mkono mchumba wake. Na mchumba wake alikuwa mgane. Mkewe, Alide, alikufa maji. Ndivyo Reinder alivyomwambia mwanzoni kabisa mwa mapenzi yao, na Wietske alilia naye.

Huku Uholanzi mtu akifikia siku yake ya kuzaliwa, hapongezwi peke yake. Anapongezwa mumewe, anapongezwa mama mkwe, hata jirani aliyekuja kuazima ngazi hupewa mkono. Lakini marehemu hana sherehe. Na mfiwa hapongezwi.

Bi Aafke, mlinzi wa ukumbi, mama wa makamo mwenye sare nyeusi, hakuona kitu. Akamgeukia Wietske, akampa mkono pia.

"Na wewe hongera, binti. Ndugu yake Alide, bila shaka?"

"Hapana, mimi ni..."

"Rafiki wa kazini," Reinder akadakia.

Wietske akamkata jicho. Rafiki wa kazini! Na pete hii kidoleni aliiokota wapi?

"Basi mwambie Alide nikitoka zamu nitapita kula keki," alisema Bi Aafke. Akaelekeza kidevu ukutani. "Hii nyumba yenu inanichosha, Reinder. Watu wanaisogelea mpaka wanataka kuingia ndani."

Pale ukutani palikuwa na mchoro wa zamani, mkubwa kama mlango. Nyumba nyembamba kando ya mfereji, ngazi tatu za mawe, mlango wa kijani. Dirisha la juu halikuwa na pazia, na mwanamke amesimama ndani, kiganja chake kimegusa kioo. Mchoraji alimpa macho ya ajabu. Wietske alisogea kushoto, yakamfuata. Akasogea kulia, bado yanamtazama yeye.

Reinder alikuwa ameupa mchoro mgongo.

Walipofika ukumbi wa tatu, Wietske akamvuta kando.

"Nieleze."

"Nieleze nini, mpenzi?"

"Usijifanye hamnazo. Yule mama amekupongeza kwa siku ya mtu aliyekufa, na wewe ukamwambia asante!"

Reinder akashusha pumzi. Sauti ikawa ya huzuni, ileile iliyompendeza Wietske siku ya kwanza.

"Kichwa chake kimechoka, Wietske. Kila ukimwambia Alide amekufa, analia upya kama ndiyo kwanza anasikia. Sisi majirani wa zamani tulikubaliana kumwitikia tu."

"Na ile nyumba?"

"Tuliishi pale. Niliiuza baada ya msiba. Sikutaka kukwambia, ungeniona naishi na maiti moyoni."

Wietske akaona aibu. Akamshika shavu. Lakini swali moja likamkaa kooni kama mwiba wa samaki: ni nani huyo anayempa mtu asiye na kumbukumbu kazi ya kulinda michoro?

"Twende zetu tukale," alisema Reinder. "Boti tuiache. Unajua mimi na maji."

"Tiketi ni moja, makumbusho na boti. Unaiona nyumba ukutani, kisha unapelekwa kuiona yenyewe."

"Ndiyo maana sitaki."

"Na mimi ndiyo maana nataka." Wietske akamtazama usoni. "Jumatatu tunakwenda manispaa kuandikisha ndoa. Mara tatu umeahirisha, Reinder. Nimeshatoa notisi ya kuacha nyumba yangu kule mjini Zwolle, nguo zangu ziko kwenye maboksi. Nina miaka thelathini na tisa. Kama bado unamlilia, tupite pale mbele leo, umlilie ukiwa na mimi, yaishe. Siwezi kuolewa na mtu aliyebaki dirishani na mwingine."

Simu ya Reinder ikalia. Akaichungulia, akaizima.

"Kazini," alisema. "Haya. Twende."

Tangu asubuhi hakuwa sawa. Wietske alimshtukiza: alipanda treni bila kumwambia, akamtumia ujumbe akiwa tayari stesheni, *Nimefika Amsterdam! Nina tiketi mbili, njoo!* Ilipita nusu saa nzima kabla ya jibu: *Leo?* Neno moja tu, hata busu halikuwepo.

*

Novemba ilikuwa imeufunika mji kwa ukungu. Boti ilikuwa ndefu na bapa, imefunikwa kwa vioo mpaka juu, na ndani kulinukia makoti yaliyolowa na kahawa. Waliketi dirishani, kimeza kidogo mbele yao. Nahodha alisema kwenye kipaza sauti, akatania wageni, akawahesabia baiskeli zinazoopolewa mferejini kila mwaka. Watu wakacheka. Reinder hakucheka.

Madaraja yalikuwa yakitokea ukunguni ghafla, yanapita juu ya vichwa, yanapotea. Kila walipopita chini ya daraja sauti zote zilizimika, na Wietske alisikia maji yakilamba ubao chini ya miguu yake. Akafikiria mtu anayezama humo.

"Na sasa, kulia kwenu," alisema nahodha, "ile nyumba mliyoiona ukutani!"

Abiria wote wakageuka. Mtu akitembea barabarani huku kwetu, hachungulii dirisha la mwenzake hata kama halina pazia; ni aibu. Lakini ukipanda boti, aibu unaiacha gatini. Watu thelathini walikodoa macho.

Ngazi tatu. Mlango wa kijani. Dirisha la juu bila pazia, limezungushiwa mapambo ya karatasi, mekundu na ya njano. Na nyuma ya kioo alisimama mwanamke, kiganja kimegusa kioo, anatazama maji.

Wietske akasogeza uso kwenye kioo. Alimjua. Si kwa ule mkao wa mchoroni tu. Aliijua sura ile kwa picha moja ndogo ambayo Reinder aliiweka ndani ya pochi, "kumbukumbu ya mwisho," alivyosema.

"Hee, leo kuna mwenye siku yake hapo!" nahodha akapaza sauti. "Jamani, tusimwache hivihivi!"

Watu wote botini wakasimama. Waliimba ule wimbo wa kumtakia mtu maisha marefu, wakainua mikono juu mara tatu kwa vifijo. Walimwimbia marehemu aishi miaka mingi. Kule juu marehemu akatabasamu, akapunga mkono.

Wietske akamgeukia Reinder. Hakuwepo kitini. Alikuwa ameinama chini ya meza.

"Unafanya nini huko?"

"Nafunga kamba za viatu."

Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Reinder, umemwona?"

"Nani?"

"Dirishani! Yule mwanamke!"

Reinder akainuka polepole, boti ilipokwisha pita. Akatazama nyuma.

"Dirisha ni tupu, Wietske."

Naye akageuka. Kweli. Mapambo yalikuwepo, mtu hakuwepo.

"Lakini watu wameimba! Amepunga mkono!"

"Watu waliyaimbia mapambo. Wenye nyumba wapya wana watoto." Akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akamsogelea sikioni, akanong'ona: "Sasa umejua kwa nini sitaki kupita hapa. Hata mimi huwa namwona."

Machozi yalimtoka Wietske na hakujua ni ya hofu au ya mapenzi. Alichokijua ni kwamba kama mtu huyu anasema kweli, basi ataolewa katika nyumba yenye watu watatu, mmoja wao amekufa. Na kama anasema uongo, ni afadhali yule mwanamke angekuwa mzuka.

*

Reinder alimsindikiza mpaka stesheni. Akampiga mabusu matatu mashavuni kama shangazi, akamwingiza ndani ya treni ya kurudi Zwolle.

"Nimeitwa kazini. Nitakupigia usiku. Jumatatu ni yetu, mpenzi."

"Jumatatu," aliitikia Wietske.

Alimtazama akiishia kwenye umati. Akajaribu kukaa, akashindwa. Mzuka haupambi nyumba. Mzuka hautabasamu kwa kuimbiwa. Na lile "asante" la asubuhi lilitoka kwa mazoea, kama linavyotoka kwa mume yeyote mwenye mke hai. Reinder alitumia uongo mwingi kulifunika, lakini lenyewe lilikuwa neno pekee la kweli alilosema siku nzima.

Kengele ya milango ilipolia, akaruka nje.

Alitembea kwa haraka. Akafika kwenye zile ngazi tatu. Akabonyeza kengele.

Mlango wa kijani ukafunguliwa na mwanamke wa dirishani mwenyewe, kisahani cha keki mkononi. Nyuma yake, sebuleni, wageni kama kumi walikuwa wamekaa kwa duara, kila mmoja na kikombe chake.

"Karibu! Umekuja na akina nani?" Akanyoosha mkono.

Wietske akaupokea. Ulikuwa wa moto, na una sukari kidogo vidoleni. Akashindwa kuuachia.

"Wewe ni Alide?"

"Ndiye mimi. Kulikoni, dada? Unatetemeka."

"Mimi naitwa Wietske. Jumatatu ilikuwa nikaandikishe ndoa na mumeo."

Alide akamtazama, akaitazama ile pete. Hakupiga kelele. Akauvuta mlango nyuma yake, wakabaki wawili ngazini.

"Na Reinder alikwambia mimi niko wapi?"

"Umekufa."

"Aa." Alide akacheka kicheko kikavu. "Wengine husema tumetengana. Mimi nimeuawa kabisa. Nimekufa kwa nini?"

"Maji."

"Mimi? Nina vyeti vyote vitatu vya kuogelea! Nimelelewa kando ya mfereji huu!"

"Kisa chenyewe aliniandikia. Alisema hawezi kutamka kwa mdomo." Wietske akatoa simu, akautafuta ujumbe wa majira ya baridi yaliyopita, akausoma kwa sauti iliyokuwa ikikatika:

*Ilikuwa jioni ya Novemba, kuna ukungu. Tulitoka na boti yetu ndogo, mimi na yeye tu. Alisimama, akateleza. Alivaa koti la bluu la sufu, lenye vifungo vya shaba. Lilimvuta chini. Nilinyoosha mkono, sikumfikia.*

Alipoinua macho, Alide hakuwa anacheka tena.

"Rudia hapo kwenye koti."

"La bluu. La sufu. Vifungo vya shaba."

"Huo ujumbe ni wa lini?"

"Mwezi wa pili. Tazama tarehe."

Alide akaisoma tarehe. Kisha akaingia ndani, akarudi na kitu begani, karatasi ya zawadi bado imening'inia. Akakiweka mikononi mwa Wietske.

Koti lilikuwa la bluu. Lilikuwa zito mno, na vifungo vyake viling'aa.

"Amenipa asubuhi hii," alisema Alide. "Boti ndogo aliinunua Aprili. Kabla ya hapo hatukuwahi kuwa na boti, Wietske. Nilimuuliza boti ya nini, mtu mwenyewe maji huyaogopa? Akasema ni ya kutembea mimi na yeye." Akaugusa mlango wa kijani. "Nyumba hii nimeirithi kwa mama yangu. Tukiachana, anatoka na begi lake. Nikifa, anabaki."

"Mungu wangu."

"Ukiwa ndani ya koti hili huogelei, hata uwe na vyeti kumi."

Simu ya Alide ikatikisika mfukoni. Akaitoa. Wakausoma pamoja, vichwa vimegusana:

*Mke wangu, samahani, kazi imenishika. Niko njiani. Wageni wakiondoka tutoke na boti, mimi na wewe tu. Ukungu umependeza leo. Vaa koti jipya.*

Wietske akahisi ngazi zinamkimbia. Alikuwa amempenda mtu huyu. Amempikia, amemlilia, amemwekea kichwa kifuani akisikiliza moyo wake. Na muda wote ule Reinder alikuwa akimsimulia msiba ambao bado hajaufanya. Leo alipobanwa kwenye boti, ndipo alipoamua kuukamilisha.

"Nimemharakisha mimi," alisema, akalia. "Mimi na tiketi zangu."

"Umeniokoa wewe na tiketi zako," alisema Alide. "Acha kulia, ingia. Ujumbe huo usiufute."

Ndani, wageni wakageuka walipoziona sura zao. Alide akamwita mjomba wake pembeni, akamsomea ujumbe wa simu zote mbili. Mzee akaweka kikombe chini, akawapigia polisi simu palepale, akitaja jina la mtaa polepole ili wasikosee.

Alide akamjibu mumewe: *Sawa. Njoo.*

Wietske akavua pete. Ilikataa kwenye kifundo, akaizungusha mpaka ngozi ikawa nyekundu, ikatoka. Akaiweka juu ya lile koti mezani.

Alide akavuta kiti, akakisogeza kwenye duara, karibu kabisa na cha kwake.

"Kaa hapa, Wietske," alisema, akamshika mkono kwa nguvu. "Akiingia, atukute wote wawili tuko hai."

Wietske akakaa.