Taa Iliyonuka Udi

Taa ya pikipiki ilikuwa inanuka udi. Si petroli, si rangi mbichi. Udi! Talha aliisikia harufu hiyo saa kumi alasiri, uani kwao Mwananyamala, mara tu alipoizima injini, akajidanganya kuwa imetoka kwa jirani. Lakini nafsi ya mtu haidanganyiki. Alijua vizuri alichokifunga pale mbele.

Pikipiki yenyewe aliiokota skrepa, kuukuu kuliko umri wake, imeota kutu hadi kwenye spoku. Miezi mitano aliihangaikia kwa mikono yake. Akanyoosha tangi, akashona siti ya ngozi, akabadilisha usukani, na kila hatua akairusha mtandaoni watu wakamsifia. Kilichobaki ni bakuli la taa ya mbele, maana la zamani lilikuwa limeliwa na kutu likaisha. Ndipo uroho wa ufundi ulipompeleka kwenye uvungu wa kitanda cha mama yake, kwenye chetezo cha shaba cha marehemu bibi. Mviringo wake na kioo cha taa, sawasawa! Akakikata mguu kwa msumeno, akakitoboa, akakipaka rangi nyeusi kisijulikane. Angeomba angenyimwa, kwa hiyo hakuomba.

Na chetezo kile hakikuwa cha kufukizia nguo. Kilikuwa cha ruhani wa bibi, jini la ukoo, ambaye kila Alhamisi jioni hufukiziwa udi ili akae kwa amani na watu wake. Bibi alipofariki, kazi hiyo aliachiwa Bi Zubeda, mama yake Talha. Alhamisi ikafika, Bi Zubeda akainama uvunguni, akapapasa weee, hola.

Wa kushukiwa alikuwa mmoja tu. Vaileth, dada wa kazi, ndiye aliyefagia chumba kile kila siku.

"Mama, mie chetezo nikafanyie nini?" Vaileth alilia, akaapa kwa Biblia yake.

"Shaba inauzwa," Bi Zubeda alimjibu. "Nenda kwenu, binti yangu. Sikupeleki polisi, ila nenda."

Na Talha je? Mwanaume mzima, ndevu hizo, alikaa kwenye kigoda anamenya chungwa. Tena ndiye aliyembebea Vaileth begi hadi barabarani, akamwambia, "Pole, sista." Pole! Mtu mwingine hata aibu hana.

Haikuishia hapo. Bi Zubeda aliita walimu wamsomee mwizi halbadiri, kisomo ambacho watu wa pwani hawakichezei, maana kikishatoka hakiulizi huyu mtoto wa nani. Akamketisha mwanawe katikati yao. Kutoka asingeweza, angejulikana. Walimu wakaomba mkono uliochukua uungue, na moto upande hadi moyoni, na kila walipotua Talha aliitikia amin pamoja na wenzake, jasho linamtiririka mgongoni.

Akangoja aungue. Siku ya kwanza, kimya. Ya tatu, kimya. Akaanza kujichekea kuwa labda vitisho tu. Siku ya tano mama yake alidondosha kikombe cha chai.

"Talha, hebu njoo uone. Kiganja kinaniwaka moto."

Kilikuwa chekundu, kimejaa malengelenge, na siku hiyo hakugusa jiko wala pasi. Kesho yake moto ukafika kifundoni, kesho kutwa kiwikoni. Hospitali walimpa dawa ya kupaka, nao moto ukaendelea kupanda. Talha alimkanda mama yake kwa maji baridi, roho ikimsuta hadi akashindwa kumtazama usoni. Mara ngapi alifungua mdomo aseme! Akaufunga.

Jioni ya siku ya saba, adhana ya magharibi ikiwa bado hewani, taa ya pikipiki ikawaka yenyewe, na betri ilikuwa juu ya benchi, ameichomoa kwa mkono wake tangu mchana, ikawaka si nyeupe bali nyekundu, wekundu wa kaa linalopulizwa, ikikolea na kufifia, ikikolea na kufifia, na kila ilipokolea mama yake kule chumbani aliguna kwa maumivu, na ilipofifia alinyamaza, na ule udi ukaja mzito ukamjaa Talha puani na kooni hadi akapiga magoti kwenye mchanga akatapika, huku taa ikimgeukia polepole, usukani ukilia, ikamtazama.

Asubuhi aliitwa Mzee Sadallah, mtabibu wa majini. Alikuta moto umefika begani. Akafukiza ubani, akasoma. Bi Zubeda akatetemeka, kisha akaketi wima na kusema kwa sauti nzito isiyo yake.

"Asalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam," Mzee Sadallah alijibu. "Nani mwenzetu?"

"Mwenye chetezo."

"Mbona unamuunguza mama huyu? Kakukosea nini?"

"Mie simuunguzi. Mie nimekatwa mguu, nimepakwa rangi, nimefungwa mbele ya pikipiki. Moto ni wa kisomo chenu. Kilitoka kumtafuta mwizi, kikamkuta. Lakini mama huyu kila alfajiri anaomba, ya Rabi, baya la Talha lianguke kwangu. Tangu amzae anaomba hivyo. Basi limeanguka."

Mzee Sadallah aligeuza shingo taratibu, akamtazama Talha.

"Ni mie," Talha alisema, na kilio kikamtoka kama cha mtoto. "Mama, ni mie. Nisamehe."

Akakimbia uani, akaing'oa taa, akakiosha chetezo rangi yote, akakifunga kitambaa cheupe akakirudisha. Ruhani alikipokea, akaaga, Bi Zubeda akalegea mikononi mwa mzee. Alipozinduka aliambiwa yote. Hakumtukana mwanawe, hakumlaani. Aliuliza tu, "Na Vaileth wa watu?"

"Hapo ndipo kazi ilipo," Mzee Sadallah alinong'ona. "Jini kaondoka, kisomo kipo. Kitaunguza hadi aliyeonewa asamehe, na hakitamwacha mama hadi aache kukukinga."

Talha akapiga simu, spika ikiwa wazi. Alikiri kila kitu.

"Kaka Talha, mie nilikuona na msumeno," Vaileth alisema.

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nyie wote mlikuwa mnanitazama mie. Mama nimemsamehe, alidanganywa. Wewe bado." Simu ikakatika.

Usiku kucha Talha alikaa miguuni pa mama yake, anabembeleza. "Kesho usiniombee, mama. Niachie mwenyewe. Moto ukifika moyoni mwako utaniachaje?" Bi Zubeda aligeukia ukutani.

Alfajiri Talha alikuwa nje ya mlango, anasikiliza. Mama akaswali, akaanza dua. Akawaombea marehemu, akawaombea wagonjwa wa mtaani. Halafu akafika pale ambapo siku zote jina la Talha hutajwa, akasita, akasita sana, sauti ikakatika kwa kwikwi. Alipoendelea alimwomba Mungu amlinde Vaileth, binti wa watu, huko aliko. Akasema amin. Mswala ukakunjwa.

"Talha," mama aliita kutoka ndani, na sauti ilikuwa ya mtu aliyepona, "mkono umepoa, baba. Bandika chai."

Talha alikuwa ameketi kizingitini, ameung'ata ukosi wa shati asipige kelele, na mkono wake wa kulia ameukumbatia kifuani.