Pampu Iliyonyamaza Mkonze

Mimi kazi yangu ni kupiga chapa, na mtu anayechapa barua za wakubwa kutwa nzima hana nafasi ya kuamini wachawi. Haya yaliyompata mjomba wangu Optatus nayasimulia kwa sababu nilikuwepo. Anayebisha aende Mkonze akaiguse ile sakafu.

Ilikuwa Septemba ya 2003. Kila Jumamosi nikitoka ofisini nilipita sokoni, nikanunua dagaa na mchicha, nikaenda kumpikia kwake Mkonze. Mjomba alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa Dodoma kikazi, akaoa huku huku. Hawakupata mtoto. Julai ya mwaka ule mkewe, Emiliana, alifariki, tukamzika kwao Mlali. Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja, kikombe kimoja na kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kichekesho. Aliachiwa na fundi mmoja Mtaliano aliyeiunda kwa mikono yake. Kwa kuwa vumbi letu linaua feni, yule fundi aliipoza kwa maji: pampu ndogo ya tangi la samaki ilivuta maji kwenye chupa, ikayasukuma kwenye mipira mpaka ndani ya mashine, yakapita kwenye rejeta ndogo ya gari kupoa, yakarudi kwenye chupa.

"Mjomba, hii ni kompyuta au ni Land Rover?" nilimtania.

Akacheka. Miezi ile kumchekesha ilikuwa kazi ngumu, kwa hiyo nilijisifu.

Alikuwa na haja moja tu duniani. Mwaka 1989, akiwa kikazi Kigoma, mkewe alimtumia barua ya kaseti kwa kuwa kuandika kulimsumbua. Dakika kumi na moja: habari za mahindi, habari za mbuzi aliyezaa mapacha, na mwishoni, "Nakungoja." Sauti nyingine ya Emiliana haikuwepo popote. Sasa ukanda wa kaseti ulikuwa umeanza kupukutika unga wa kahawia.

"Utavumilia kupigwa mara moja tu, Evodia," aliniambia. "Hiyo mara moja lazima niihamishie kwenye kompyuta."

Redio yake haikuwa na tundu la waya, ikabidi aweke maikrofoni mbele ya spika. Na maikrofoni ilinasa kila kitu, hasa pampu. Alijaribu kwa kusoma gazeti. Tukasikiliza: sauti yake, na nyuma yake mlio wa nzi aliyefungiwa ndani ya debe.

Basi akaanza vita na ile pampu. Alikata kipande cha godoro akakiweka chini yake. Akaitundika kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili isiguse chuma. Akailaza mashine ubavu, akaiinua, mpaka mapovu yote yakatoka kwenye mipira. Mlio ukapungua, haukuisha. Alipoifungua akakuta kile kidude kinachozunguka ndani kimeota ukoko mweupe, ule ule wa masufuria yetu. Maji ya bomba la pale yalikuwa na chumvi.

"Weka maji ya betri," nikamwambia. "Yapo kituo cha mafuta."

"Maji ya Emi hayana chumvi. Birika lake la Mlali halikuwahi kuota ukoko."

Kila kiangazi mkewe alikuwa akichimba kisima chake kwenye mchanga wa korongo, nyuma ya kwao. Nilijua anachokifuata Mlali si maji. Sikumkatalia, na mpaka leo najuta.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amechangamka, mikono imechubuka, dumu la lita tano mezani.

"Walikuwa wamekifunika kwa miiba, mbuzi wasichafue," akasema. "Nikaiondoa. Na kata yake ya kuchotea bado ipo, Evo! Imelala pale pale!"

Akayamimina maji kwenye chupa, akawasha. Pampu haikutoa sauti. Niliinama nikaweka sikio. Kimya. Mjomba alinishika mkono akaanza kulia kwa furaha, nami nikalia naye.

Nilikuwa naosha vyombo, saa tisa ya mchana, jua linawaka, niliposikia.

Kwaru. Kwaru. Kisha maji yakimiminwa.

Niliingia chumbani. Mjomba alikuwa amesimama kando ya mashine, hatikisiki.

"Mapovu," nikasema.

"Siyo mapovu."

Kwaru. Ilikuwa kata inayokwaruza mchanga, mtu akichota kidogo kidogo. Ilitoka ndani ya mipira. Nikachomoa waya ukutani. Taa zikazimika, pampu ikasimama.

Kwaru. Kwaru.

"Anachota," mjomba akanong'ona. Uso wake haukuwa na hofu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha mimi.

Jumatatu sauti ile ilikuwa haijakoma, nami sikwenda kazini. Nilipanda basi mpaka Kibaigwa, sokoni, nikamtafuta Matonya, kaka wa marehemu, aliyekuwa akishusha mahindi yake. Nilimwamkia, nikamweleza. Gunia likamponyoka.

"Shemeji ametoa miiba?" Akanivuta kando ya lori. "Mwanangu, siku ya mazishi hatukumwambia kwa sababu hakuuliza. Sisi kwetu kisima cha marehemu tunakifunga, mpaka mvua ya kwanza ikifukie yenyewe. Mwenyewe akikuta kimefungwa, anakwenda zake. Sasa mmemfungulia. Atachota, atajaza ndoo, halafu atakaa."

"Atakaa kufanya nini?"

"Ndoo ikijaa, mwanamke hajitwiki peke yake." Akashusha sauti. "Atangoja wa kumtwika."

Tulifika Mkonze saa kumi, tukakuta kukwaruza kumekoma. Matonya alitaka tuyakusanye maji yote, tuyarudishe Mlali siku ile ile, tufunge kisima. Mjomba alikubali, ila akashika mlango.

"Nipeni dakika kumi na moja. Kaseti iko tayari. Mashine bila maji haiwaki, na ukanda ule hautafika wiki ijayo. Nikikosa leo simsikii tena."

Matonya akarudi nyuma hatua moja.

"Ukiitwa usiitike, shemeji."

"Siitiki."

Akafunga mlango. Matonya alikaa kwenye ngazi, mimi nikaegemea ule mlango kwa mgongo, wala chumba hakikuwa na mlango mwingine. Dirisha lilikuwa na nondo. Nilisikia sauti ya aunti kwa mbali, ikisimulia mbuzi. Nilitazama saa yangu. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tano.

"Mjomba?"

Tukaingia.

Alikuwa kwenye kiti, amekufa. Macho yamefumbwa, mikono imeinuka kifuani, viganja juu. Mikono ya shati ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko. Chupa ilikuwa tupu. Matonya aliikata mipira kwa kisu, tukaikuta mikavu, na ndani yake mchanga mweupe.

Tulimzika Mlali, kando ya mkewe. Tulipokwenda korongoni kufunga kisima, tukakuta miiba imesharudishwa, imepangwa vizuri, na ile kata haipo.

Yale mazungumzo ya kaseti yamo kwenye kompyuta, ninayo mimi. Nimeyasikiliza mara moja. Yametoka safi, kama alivyotaka, bila mlio wowote wa pampu. Mahindi, mbuzi, mapacha. "Nakungoja." Hapo kaseti huwa imeisha. Kuna kimya, kisha sauti ile ile, karibu zaidi, imechoka:

"Nitwike."

Na mjomba wangu, taratibu, kama mtu aliyeamshwa: "Haya. Simama."

Inafuata pumzi ya mtu anayeinua kitu kizito. Halafu miguu kwenye mchanga, ya watu wawili, ikipita karibu kabisa na mlango niliokuwa nimeuegemea.

Nyumba haina mpangaji mpaka leo. Kati ya kiti na meza, kwenye saruji, kuna alama ya maji ya mviringo, saizi ya kitako cha ndoo. Dodoma hii, kiangazi hiki, shati ukilifua linakauka kabla hujamaliza kuanika la pili. Ile alama haijakauka.