Jino Katika Mkebe wa Lynn

Nikutegee, mjukuu wangu: mama huwagawia watoto wake wote, wavulana na wasichana, lakini ni wasichana tu wanaoweza kuwagawia wengine. Ni nini? Usijibu upesi. Sikiliza kwanza.

Kila asubuhi kabla ya shule Lynn, mtoto wa binti yangu, huwakatia mbuzi majani hapa kwetu Mukurweini. Julai ile ukungu ulikaa siku tatu, na mbuzi wakakataa kupita kando ya shimo jipya la migomba. Vijana walipochimba zaidi, wakakuta mifupa ya mtu.

Polisi waliichukua. Baada ya wiki kadhaa, Jumamosi moja, mmoja wao, Afisa Khavere, alirudi. Naye huniita Shosho, yaani bibi, kama Lynn.

“Shosho, udongo umeila mifupa. Maabara haikupata kitu. Tungekuwa na hata jino moja…”

Nilishawaambia polisi ni nani huenda alikuwa amelala pale. Kwa miaka thelathini na minane nilikuwa nikijiuliza aliko kaka yangu Mwai, aliyepeleka kahawa kiwandani asirudi.

“Mkipata jino, chukueni mate yangu mlinganishe,” alisema Ngatia, mwanawe Mwai.

“Yako hayatasaidia. Kwa mifupa mikuukuu tunasoma DNA ya mitokondria, ile ambayo mtoto hupewa na mama. Wewe una ya mama yako. Tunamtaka dada yake Mwai.”

“Ati mwana hafai? Na shamba nimerithi mimi.”

“Shamba si mate,” nikamwambia.

Ndipo tukasikia: ko, ko, ko. Lynn alikuwa akipita na mkebe wake wa hesabu, ule wa rula na bikari, na kitu kilikuwa kikigonga ndani. Akaufungua mbele yetu.

“Shosho, niliokota jino kabla polisi hawajafika. Nilitaka kuwaonyesha wenzangu, halafu nikaogopa. Kila nikitembea linagonga, kama mtu anayetaka kufunguliwa.”

Khavere alilitia kwenye bahasha, akanipangusa ndani ya shavu kwa pamba.

Septemba alileta majibu. “Yanalingana. DNA hiyo haitaji mtu mmoja, inataja ukoo wa mama. Lakini kwenu aliyepotea ni mmoja, na mfupa wa mguu una alama pale pale Mwai alipovunjika utotoni.”

Tulipokwisha kumzika nilimketisha Lynn karibu yangu. “Ungeendelea kulificha jino lile, ningekufa nikiuliza. Ukikosea, sema mapema. Kuna mtu anangoja.”

Kisha nikamtegea kitendawili kile.

Lynn alipitisha ulimi juu ya meno yake, polepole.

“Ni ile DNA ya mama, Shosho. Mwai alikuwa nayo, wewe unayo, mama yangu anayo. Na mimi ninayo, humu mdomoni.”