Aliyefunga Ndiye Afungue

Madina alikuwa fundi wa chapati mtaani Nalufenya, Jinja. Kila asubuhi alikanda unga kwa mikono miwili, huku akimtania mumewe Jafar kwamba anakula kuliko wateja. Siku moja alianguka kutoka kwenye bodaboda. Mkono wa kulia ukavunjika, juu ya kiwiko.

Jafar alitaka waende hospitali. Mama yake, Bi Ramlah, akakataa.

"Huko watamkata mkono! Mzee Isiko wa Buwenge ndiye anayejua mifupa."

Mzee Isiko aliukunja mkono, akaufunga kwa vijiti na kamba za mgomba. Kisha akatoa sharti.

"Aliyefunga ndiye afungue. Mwingine akigusa, mfupa utavunjika tena."

Sharti rahisi kulitoa, maana mkono si wake. Muda si mrefu akahamia kwa binti yake, Mbale.

Miezi ikapita. Maumivu yaliisha, lakini Bi Ramlah hakuruhusu kamba iguswe.

"Subira huvuta heri, mwanangu," alisema.

Madina alisubiri, heri haikuja. Jafar alinyamaza tu. Mwishowe Madina akasema, "Kama mzee haji, mimi naenda." Wakapanda gari la Mbale, yeye na mumewe.

Mzee Isiko alikata kamba. Mkono ulitoka mwembamba kama muhogo uliokosa mvua. Madina alijaribu kuunyoosha, kiwiko kikakataa.

"Mfupa umeshika," alisema mzee. "Kazi yangu imekwisha."

"Na mkono wangu je?" Madina aliuliza, akaanza kulia.

Jirani mmoja alisikia kilio, akaja. Jina lake Brigid. Alifanya kazi ya mazoezi ya viungo katika kliniki. Aliukagua mkono taratibu.

"Dada, mfupa haujisogezi wenyewe," alisema. "Mshike bwana yako hapa mbele, juu ya kiwiko. Shemeji, kunja mkono."

Madina alihisi nyama ikijaa chini ya vidole vyake.

"Huo ni msuli. Umejikaza, umekuwa mfupi, umevuta mfupa wa chini. Sasa mshike nyuma. Shemeji, nyoosha. Unasikia? Wa nyuma unavuta, wa mbele unalegea. Msuli unajua kuvuta tu, kusukuma haujui. Kwa hiyo mmoja hukunja, mwingine hunyoosha. Kano ngumu ndizo zinazoushika msuli kwenye mfupa. Na kiwiko ni bawaba ya mlango."

"Na mkono wangu?"

"Msuli usiofanya kazi hunyauka. Bawaba isiyofunguliwa hukakamaa. Hospitali wangepiga picha ya mfupa, wangeufunga vizuri, kisha wangekuambia lini uanze mazoezi. Hata vidole ungevichezesha tangu mwanzo."

"Utanyooka?"

"Kiasi. Wote, sikudanganyi, hapana."

Madina alimgeukia mumewe. "Ulijua hospitali ndiyo njia. Ukanyamaza!"

Jafar akamuuliza Brigid kliniki iko wapi, wakaenda siku ile ile.

Waliporudi Jinja, Madina alifanya mazoezi kila siku, kama alivyoelekezwa kliniki. Yaliuma mpaka akatokwa na machozi. Kiwiko kikafunguka nusu, kikaishia hapo. Akajifunza kukanda kwa mkono wa kushoto.

Mwaka uliofuata Bi Ramlah aliteleza bafuni, akavunjika mkono karibu na kiganja.

"Mniitie mwunga mifupa!" alilia.

Safari hii Jafar alisema. "Hapana, mama. Tunaenda hospitali."

Walimpiga picha, wakamfunga plasta. Kila asubuhi Madina alisimama mbele yake.

"Chezesha vidole, mama. Inua bega. Kunja kiwiko."

Plasta ilipotolewa, aliendelea kumsimamia mazoezi, bila huruma. Mkono ukapona kabisa.

Asubuhi moja Bi Ramlah aliingia jikoni. Akavuta beseni, akakanda unga kwa mikono miwili, kwa nguvu. Ghafla akasimama.

"Wako ungekuwa hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, mwanangu."

Madina alifurahi kuuona mkono ule mzima. Hapo hapo moyo ukamuuma sana.

"Ungekuwa hivyo, mama," alijibu. "Kanda. Wateja wanangoja."