Marehemu Aliyepokea Simu

Kaa ndio waliowakutanisha Salvu Grima na Khoa Lam, na wala sitanii.

Ilikuwa sokoni Footscray, mjini Melbourne, mwaka mpya wa Wavietnamu umekaribia, watu wamejaa hadi pa kuweka mguu hakuna. Salvu, fundi wa mafriji makubwa ya wauza samaki, alikuwa akisukuma toroli lenye mtungi wa gesi, ovaroli yake imelowa maji ya barafu, akipiga kelele za "pisheni, pisheni jamani." Toroli likamgonga mwanamume mmoja aliyevaa shati la samawati lililopigwa pasi likanyooka. Mfuko aliobeba ukapasuka, na kaa wazima wakamwagika sakafuni, kila mmoja akishika njia yake.

"Mama yangu ataniua," alisema yule mwanamume, kwa utulivu kama anasoma taarifa ya habari.

"Tuwakamate kwanza, ndipo ufe," Salvu alimjibu, tayari yuko magotini.

Wakawakimbiza chini ya meza za mchicha na za mapapai, wazee wa Kivietnamu wakiwacheka na kuwaelekeza. Kaa mmoja alimbana Salvu kidole, Salvu akatoa tusi la Kimalta alilorithi kwa baba yake. Khoa akacheka. Alikuwa na kicheko cha ghafla, cha mtu asiyezoea kucheka, na Salvu alipokisikia alisahau kidole.

"Fundi wa nini wewe?"

"Wa baridi."

"Melbourne hii? Nani ameishiwa na baridi?"

"Na wewe je, kazi yako?"

"Napima watu macho. Nauza miwani."

"Basi toroli lote hili hukuliona, daktari?"

Tangu siku hiyo wakawa "fundi" na "daktari" wao kwa wao, na kabla mwezi haujaisha walikuwa wapenzi.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wahenga hawakumjua Khoa Lam. Yeye aliyaficha miaka mitatu, yakatulia tuli. Alikuja kwa Salvu, kitongoji cha Sunshine, Jumapili asubuhi tu, mama yake akiwa pagoda, hekalu lao la Kibudha. Gari aliliegesha mtaa wa pili. Salvu akiingia dukani kwake, Khoa alimwambia msaidizi wake, "Huyu ni fundi wa friji," ilhali duka zima halina friji. Barabarani walitembea mmoja mbele mwingine nyuma, utadhani wamegombana.

Salvu alivumilia. Yeye mwenyewe alikuwa amewauguza wazazi wake mpaka akawazika wote wawili, na alijua mama ni mzigo wa namna gani, mzigo usioutua hata ukichoka. Lakini kuvumilia nako kuna kuisha.

Ndipo aliposikia habari za Mkusanyiko wa Kipupwe. Kila mwezi wa sita, wikendi ile ndefu, mashoga wazee kwa vijana hupanda hadi Daylesford, mji mdogo wa vilimani, wakakodi ukumbi, wakala supu na kucheza dansi, na mchana kweupe wakalizunguka ziwa wameshikana mikono. Hiyo mikono ndiyo iliyomtoa Salvu usingizini.

"Twende, daktari. Siku tatu tu."

"Nusu ya Footscray hupanda Daylesford wikendi ile kuoga maji ya moto. Wateja wangu hao."

"Utavaa kofia."

"Nivae na ndevu za bandia?"

"Ukivaa nitakupenda hivyo hivyo."

Khoa alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Sal, usinibembeleze. Siwezi. Nenda wewe."

"Peke yangu?"

"Kwani watakumeza?"

Basi Salvu akaanza kupanga safari peke yake. Akiwa na miaka arobaini na sita, hajawahi kulala hotelini bila binamu wa kugawana naye chumba. Safari zake zote zilikuwa za harusi na mazishi. Alinunua koti la sufu la kijani kibichi, akajitazama kwenye kioo cha duka, akajiona anafanana na pori. Alinunua sanduku dogo lenye magurudumu. Kila alichoweka ndani alikitoa, akakirudisha, akajiuliza mtu aliye peke yake huvaa nini kwenda kula chakula cha jioni na watu wasiomjua. Raha hakuiona. Alipiga simu ya kujiandikisha akiwa kazini, amekaa juu ya mtungi wa gesi.

Akapokea mama mmoja mwenye sauti nene ya sigara za zamani, jina lake Noelene, mwandaaji.

"Unakuja na mtu, kipenzi?"

"Hapana. Mtu ninaye, ila hatakuja."

"Anaumwa?"

"Hapana."

"Mmeachana?"

"Hapana."

Kisha Noelene akauliza polepole, "Amefariki?"

Sasa hapo, mtu mwenye nguvu angesema: yu hai, ananionea aibu. Lakini Salvu alikuwa amechoka. Aliona mpenzi aliyekufa ni rahisi kumweleza kuliko mpenzi aliyejificha. Akasema, "Ndiyo."

"Oh, mwanangu, pole. Pole sana. Alikuwa anaitwa nani?"

"Khoa."

"Nitakuweka kwenye meza ya waliofiwa, hutakaa peke yako. Na Jumamosi tunayasoma majina yao kando ya ziwa. La mumeo litasomwa."

Nikwambie kitu kibaya: Salvu alipokata simu alilia, tena kilio cha faraja. Miaka mitatu hakuna mtu aliyewahi kumpa pole wala hongera kwa ajili ya Khoa. Pole hiyo ya uongo aliipokea kwa mikono miwili.

Jumapili moja kabla ya safari, Salvu alikuwa bafuni, Khoa jikoni anachemsha kahawa, fulana ya Salvu inampwaya mabegani. Simu ya Salvu ikalia mezani. Khoa hakuwa na desturi ya kuigusa, ila siku hiyo moyo wake ulikuwa umechangamka, akaipokea kwa mzaha.

"Ofisi ya fundi, karibu."

"Ni Noelene hapa, wa Daylesford. Nina swali dogo la haya kidogo. Lile jina la marehemu linatamkwaje? Sitaki kumkosea heshima."

"Marehemu yupi?"

"Mume wake Sal, maskini. Hapa nina K, h, o, a."

Khoa alizima jiko. Kahawa ilikuwa haijachemka.

"Khoa," alisema. "Hiyo kha itoke kooni. Halafu usiivute, imalizie haraka."

"Khoa. Hivyo?"

"Hivyo hivyo. Umepatia."

"Asante, kipenzi. Aliugua muda mrefu?"

"Tangu utotoni."

"Masikini wa Mungu. Na wewe ni nani kwake?"

"Mimi nafahamiana na familia," alisema Khoa, akaweka simu chini taratibu.

Salvu alitoka amejifunga taulo, anapiga mluzi, nywele zinamtiririka maji. Alimkuta Khoa amekwisha kuvaa viatu.

"Unaondoka? Mama harudi mpaka saa saba."

"Noelene amepiga. Alitaka kujua jina langu linatamkwaje."

Mluzi ukakatika. "Khoa, ngoja nikueleze."

"Eleza. Nilikufa lini? Nataka kujua tarehe, nisije nikakosea."

"Aliniuliza. Nikawa nimechoka."

"Ukachoka, ukaniua."

"Ningemwambia nini? Kwamba mtu wangu yuko Footscray, mzima kama kigongo, ila mimi kwake ni fundi wa friji? Sema wewe ningemwambia nini."

Khoa alichukua funguo za gari. "Kwetu mtu hamtaji aliye hai pamoja na wafu," alisema. "Mama akisikia jambo hilo atapiga magoti madhabahuni mwezi mzima."

"Mama yako hajui hata kama nipo."

"Basi ungejiua wewe."

Akatoka. Salvu akabaki jikoni na taulo lake, baridi inampanda miguuni. Alimpigia siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Simu iliita ikakatika. Alituma ujumbe: *Nisamehe daktari.* Akatuma mwingine: *Jina nitaliondoa.* Hakujibiwa. Alitaka kuiahirisha safari, lakini nyumbani nako kulikuwa na nini? Ijumaa akavaa koti lake la kijani, akapanda treni ya Woodend, na kutoka Woodend akapanda basi, mvua ya rasharasha ikimsindikiza njia nzima.

Ukumbi wa Daylesford ulikuwa na joto na harufu ya supu ya maboga. Palikuwa na majitu yenye ndevu na sweta za kufumwa, akina mama wawili wawili waliovaa mabuti ya shamba, vijana wenye hereni na pambo machoni. Walicheka kwa sauti, wakakalia mapaja ya wapenzi wao, na hakuna aliyegeuka kutazama. Salvu aliwatazama akawaonea wivu.

Meza yake ilikuwa pembeni, karibu na meko. Mzee Clarrie, mwenye kofia ya sufu ya manjano, alimsogezea bakuli.

"Wako alikuwa nani?"

"Khoa. Mpima macho."

"Wangu alikuwa Des. Alikwenda na ule ugonjwa, miaka ile ambayo tulikuwa tunazika kila wiki. Ndugu zake walinitoa kanisani. Nilisimama nje na maua yangu, nikamsikia padri anamwita kapera." Akamega mkate. "Hapa ndipo mahali pekee wanapomtaja na mimi nipo. Kula, mwanangu. Mwaka wa kwanza chakula hakipiti, najua."

Kweli hakikupita. Salvu aliona aibu hata ya kushika kijiko. Watu hawa walikuwa wamelipia msiba wao machozi ya kweli, na yeye amekuja kukaa mezani kwao na uongo.

Jumamosi alasiri, walipoanza kukusanyika ziwani, alimfuata Noelene aliyekuwa akigawa mishumaa, amekusudia kumweleza yote. Simu ikatetemeka mfukoni. Alipoona jina alikimbilia nyuma ya mti.

"Daktari?"

"Wameshasoma?"

"Bado. Nilikuwa naenda kumwambia aliondoe. Wallahi naenda sasa hivi. Uko wapi?"

"Dukani, chumba cha nyuma. Sal, jana nilikuja stesheni."

"Stesheni gani?"

"Uliyopandia treni. Nilikuwa na begi. Nilikata na tiketi. Nikakuona na koti lako baya hilo la kijani, umesimama unasoma ubao wa treni huku umeshika kofia kama mtoto wa shule. Nikasema nitamwita. Miguu ikagoma. Nilisimama nyuma ya kibanda cha kahawa mpaka treni ikaondoka."

Salvu aliegemea mti. "Panda leo. Kuna treni nyingine. Nitakuja kukupokea Woodend, nitakaa pale hata kunyeshe mawe."

"Sikiliza, mpenzi. Mtu anayempenda mwenzake hajifichi nyuma ya kibanda cha kahawa. Nilijiona jana, na nimejijua. Kesho nitakuwa vile vile, na mwaka kesho. Wewe umeweza kupanda treni peke yako."

"Sikutaka peke yangu. Nilikutaka wewe."

"Najua."

Kengele ndogo ikapigwa kando ya maji. Watu wakanyamaza.

"Wanaanza," Salvu alinong'ona. "Acha niende nimzuie."

"Usimzuie."

"Ulisema ni mkosi."

"Hayo yalikuwa ya mama. Mimi mwenyewe nataka kulisikia. Lisomwe mara moja, mbele za watu, kwamba nilikuwa wako. Sogea karibu, nishikie simu."

Salvu akasogea. Akainua simu juu, kama wengine walivyoinua mishumaa. Noelene alisoma taratibu, na kila jina lilipotajwa mtu mmoja mahali fulani alivuta pumzi. Des, wa Clarrie. Kisha mama yule akasita, akajikohoza, akasema, "Khoa, wa Salvu." Kha yake aliitoa kooni, hakuivuta.

Salvu alirudisha simu sikioni. Upande wa pili Khoa alikuwa akilia, naye Salvu hakuwa amewahi kumsikia akilia.

"Amepatia," Khoa alisema.

"Daktari, usiniache."

"Umekwisha kunizika, fundi. Usinifukue tena. Usipite dukani, usinipigie. Nikikuona nitarudi, na nikirudi nitakuficha, na wewe hustahili kufichwa." Akapenga kamasi. "Kula vizuri huko. Usinywe tu kahawa."

Simu ikakatika.

Watu walishaanza kupanda kuelekea ukumbini kwenye supu. Clarrie alikuwa bado amekaa kwenye benchi, mshumaa umezimwa na upepo, anamtazama Salvu na ile simu.

"Hajafa," Salvu alisema. "Nilidanganya. Nisamehe, mzee."

Uso wa Clarrie ulikakamaa, na Salvu akajua atafukuzwa, akaona ni haki yake.

"Des wangu alikufa kweli," mzee alisema.

"Najua."

"Na huyo wako, atarudi?"

Salvu alitikisa kichwa, na hapo machozi yakamshinda, akalia mbele ya wapita njia wote, amevaa koti lake la kijani.

Clarrie akasogea, akampisha nafasi kwenye benchi.