Ndege Isiyo na Kivuli

Mngurumo ulikuja, kivuli hakikuja.

Sabina alikuwa barazani na cherehani lake, anashona kaptula za sare za shule. Kama wakazi wote wa mtaa ule wa Ilemela ulio njiani mwa ndege, aliposikia mngurumo unakaribia aliondoa mguu kwenye pedeli akasubiri. Mifuniko ya sufuria ikatetemeka kabatini, bati likalia. Kwa kawaida hapo ndipo kivuli cha ndege hukatiza uani, kikapanda ukuta, kikapita juu ya kamba ya nguo na kuishia kwa jirani. Mchana ule jua lilikuwa kali, na ua ukabaki mweupe vilevile mpaka mngurumo ukaisha.

"Umeiona?" jirani yake Odeta aliuliza kutoka ng'ambo ya uzio wa minyaa.

"Sijaiona."

"Itakuwa imepita juu ya mawingu."

Mawingu hayakuwepo. Odeta ni mtu wa kukipatia kila kitu sababu ili aendelee kuchambua mboga zake, na Sabina naye angeliacha jambo lipite, kama binti yake Queen asingetokea nyuma ya nyumba, anajifuta povu la sabuni mikononi.

"Abee mama. Umeniita?"

"Sijakuita."

"Umeniita. Nimeitika nikiwa kule kule, ukaniita tena."

"Rudi ukamalize vyombo," Sabina alisema, akakanyaga pedeli. Uzi ukakatika.

Watu wa mtaa ule wana adabu yao ambayo mgeni huishangaa. Ndege ikija, mtu hukata neno katikati, hutulia na mdomo wazi, na ikishapita hulimalizia pale pale alipoliachia. Odeta amewahi kusema "sufu", akangoja, akasema "ria", na hakuna aliyecheka. Mchungaji wao huigawa Amina vipande viwili kila Jumapili na Mungu hajalalamika.

Sabina peke yake ndiye aliyekuwa na sheria ya ziada. Walipohamia pale kutoka chumba cha kupanga Kiseke, Queen aligundua kwamba kelele za ndege ni kisingizio kizuri. Akiitwa kwenda dukani, alinyamaza, kisha akasema hakusikia. Sabina hakuwa mama wa kuchezewa. Alimkalisha chini akamwambia, "Katika nyumba hii ukiitwa unaitika, ndege iwepo isiwepo. Hata mimi nisipokusikia, Mungu anasikia." Tangu hapo Queen akawa anaitika. Majirani walimsifu mtoto, na Sabina alizipokea sifa zile kwa furaha kubwa.

Wiki ile ndege isiyo na kivuli ilirudi tena na tena, na kila mara ilikuwa chini zaidi. Ilikuja na harufu. Sabina aliijua harufu ile kabla hajakubali kwamba anaijua: mpira ulioungua, na juu yake harufu ya jiwe la moto lililomwagiwa maji. Aliinusa kwenye mashuka, akainusa kwenye unga. Alhamisi mchana aliinusa kwenye nywele za mwanawe.

Alikuwa amemkuta Queen nyuma ya nyumba, kwenye mabaki ya jiwe kubwa ambalo mumewe alilivunja ili wapate pa kujenga. Mtoto alisimama ameegemeza paji la uso kwenye jiwe. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa masizi, na jiwe lile lilikuwa halijaguswa na moto tangu nyumba iezekwe.

"Unafanya nini hapa?"

"Umeniita huku."

"Queen, mwanangu, mimi nilikuwa barazani."

"Ni sauti yako," mtoto alisema polepole. "Ila hainikaripii. Inaniita kama ulivyokuwa unaniita zamani, nikiwa mdogo."

Maneno yale yalimchoma Sabina kuliko hofu yenyewe. Alimwosha mwanawe mikono kwa sabuni ya mche, akaiosha tena, na maji yakaendelea kutoka meusi.

Jumamosi mumewe, Mihayo, alirudi kutoka Sengerema, ambako alikuwa mwashi kwenye jengo la mtu. Sabina hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Mihayo alisikiliza, akainuka, akaenda kulitazama jiwe kwa mbali, akarudi amenywea.

"Kamwite Bimdogo," alisema.

Bimdogo alikuwa bibi wa Kirumba aliyeuza ubani na udi sokoni, mwanamke ambaye watu wa makanisa humfuata wakiwa na shida na kumsahau ikifika Jumapili. Hilo halikumuudhi. Kilichomuudhi ni kupanda kilima.

"Shikamoo bibi," Sabina alimpokea.

"Marahaba. Maji kwanza."

Alikunywa, akazunguka nyuma ya nyumba, akainama kunusa jiwe, kisha akamgeukia Mihayo. "Mlilivunja kwa moto?"

"Kwa matairi na magogo, bibi. Halafu maji. Kazi aliifanya mzee Shigela, huvunja mawe mlima huu wote."

"Na lilipopasuka, alisikiliza?"

Mihayo alitazama vidole vyake vya miguu. Alieleza kwamba wavunja mawe wana desturi: jiwe likishapasuka, kila mtu hunyamaza na kulisikiliza. Likiwa kimya, kazi inaendelea. Likinguruma ndani, hufukia moto, hukusanya nyundo zao na kuondoka bila kugeuka nyuma. "Lilipopasuka ndege ilikuwa juu yetu. Hatukusikia kitu. Ikapita, jiwe likawa kimya, Shigela akasema tuendelee."

"Lilikuwa limekwisha kulia," Bimdogo alisema. "Mlisikiliza nyumba, mwenyewe ameshatoka."

Aliwasha ubani kwenye kigae, akasoma aliyoyasoma kwa sauti ya chini. Moshi haukupanda juu. Ulilala, ukatambaa kwenye ufa wa jiwe, ukaingia wote. Baadaye aliketi barazani akawaeleza kwa lugha nyepesi.

"Huyu hakutumwa na mtu. Mmemchomea kwake, ana chuki, na jini asiye na kwake hukaa penye kelele, mahali ambapo hasikiki akitembea. Ndege zimempa njia. Anachotaka sasa ni kuitikiwa, maana anayemwitikia amemkaribisha. Mtoto ameitika mara ngapi?"

"Kila mara," Sabina alijibu, na machozi yakamtoka. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Basi mfundishe upya. Ndege ikipita, yenye kivuli au isiyo na kivuli, midomo ifungwe. Hakuna kuitika. Aite kwa sauti ya baba, aite kwa sauti ya mama, kimya. Asipoitikiwa atachoka, atatafuta jiwe lingine. Na wewe, mama, ndiye wa kujichunga zaidi. Akishindwa kwa mtoto atakugeukia."

Ikawa nyumba ya kimya. Sabina alimfundisha Queen kwa uvumilivu ambao hakuutumia mara ya kwanza. Mngurumo ukija waliketi mkekani wameshikana mikono, wamefumba midomo, wakitazamana. Mara ya kwanza mtoto alitetemeka mwili mzima kwa kujizuia. "Anasema nakuwa na kiburi," alimnong'oneza mama yake ndege ilipopita. "Anasema atanichapa." Sabina alimkumbatia. Alijua kwamba maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, ya siku zile.

Na dawa ikafanya kazi. Ndege isiyo na kivuli ikaanza kuja kwa taabu, imekwaruzika, kama redio iliyoishiwa betri, kisha ikaacha kuja. Unga ukanuka unga. Viganja vya Queen vikatakata. Mihayo akarudi Sengerema kwenye kazi yake na Odeta akapata ujasiri wa kutania, akisema jini naye amechoshwa na kelele, amehamia Butimba kwa watu wenye utulivu. Sabina alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Jioni moja, jua bado halijazama, alimtuma Queen akaanue nguo nyuma ya nyumba. Yeye akabaki barazani kumalizia pindo. Mngurumo ukaanza upande wa ziwa, na Sabina akatazama angani kwanza, akaiona ndege kwa macho yake, nyeupe, taa zinawaka, matairi yameshuka. Ilikuwa ndege ya abiria, ya kweli. Akashusha pumzi.

Ndipo sauti ikaita ndani ya mngurumo.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Queen, na papo hapo akakumbuka maneno ya Bimdogo kwamba atakugeukia, akafumba mdomo, na ndege ikashuka zaidi na bati likaanza kulia na sauti ikaita tena, mama, mama njoo, na Sabina akauma kitambaa alichokuwa anakishona ili ulimi wake usimponyoke, maana kila kiungo chake kilitaka kusema abee mwanangu niko hapa, akajiambia ni yeye, ndiye yule yule, amebadili sauti, nikiitika nimemkaribisha tena, na kivuli kikaja, kivuli halisi, kikapanda ukuta na kupita juu ya mapaja yake na juu ya kaptula ya shule, na sauti ikaita mama ananishika, mama itika, mama, na yeye akauma kitambaa mpaka akaonja damu, ndege ikapita, mngurumo ukaanza kuzama nyuma ya mawe, na ua ukawa kimya.

Katika kimya kile, peupe, bila kelele yoyote ya kuifunika, sauti ilimalizia neno lake.

"...ma."

Sabina hakukumbuka baadaye alivyofika nyuma ya nyumba. Nusu ya nguo zilikuwa bado kwenye kamba. Nusu nyingine zilikuwa zimetapakaa kuelekea kwenye jiwe, na shuka moja lilikuwa limeingia kwenye ufa na kubana humo. Queen alikuwa ameketi chini, ameegemea jiwe, mzima, hana hata mchubuko. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko.

"Queen."

Mtoto alimtazama.

"Queen, mwanangu. Nimekuja. Ni mimi."

Aliendelea kumtazama, kwa upole, midomo imefungwa, kama alivyofundishwa.

Bimdogo alipanda kilima kwa mara nyingine na safari hii hakuomba maji. Alimkagua mtoto macho, akamuuliza Sabina swali moja. "Alikuita?"

"Aliniita. Nilidhani ni yule. Wewe ulisema tusiitike."

Bibi alikaa akiukunja na kuukunjua upindo wa kanga yake. "Yule jini alikuwepo akisikiliza," alisema mwishowe. "Alisikia mtoto anaita na hana wa kumwitikia. Akaitika yeye." Alichukua kigae chake cha ubani akaondoka bila kuaga.

Tangu jioni ile Queen hajaitika. Anakula, anakwenda shule, ukimwambia shika hiki anashika. Ukimwita jina anakutazama tu. Ila ndege inapopita juu ya bati lao, huacha alichonacho, huelekeza uso kwenye jiwe, na midomo yake huenda. Abee, husema. Abee mama. Naye hutabasamu.

Kwa hiyo Sabina hasubiri tena ndege zipite. Akisikia inakuja huacha cherehani lake, husimama uani karibu na mwanawe, na katikati ya mngurumo huliita jina lake kwa sauti ile ya zamani, ya kubembeleza, mpaka koo linamkauka. Odeta humwona kupitia minyaa, huchukua mboga zake na kuingia ndani.

Queen huitika kila mara. Hajawahi kugeuka kumtazama.